Kumbukumbu na Chembe za Ubongo: Kazi ya Kalmodulini

Katika ukaguzi wa mazoezi ya kufundisha tulimsikia mwanachuo akiwaambia wanafunzi wa darasa la sita kwamba ubongo ni sanduku, na kwamba asahauye ana sanduku dogo. Mtoto mmoja aliyekuwa ameshindwa kujibu aliinamisha kichwa, wala hakunyosha tena mkono hadi kipindi kikaisha. Mfano ule ulimwumiza bure, maana hata ukweli haukuwa nao.

Chembe ya ubongo ikiwa imetulia, kalsiamu iliyomo ndani yake ni haba mno. Ile ya nje huizidi yapata mara 10,000. Chembe mbili zinapopashana habari kwa nguvu, milango katika utando wa chembe inayopokea hufunguka, na kalsiamu huingia. Humo husubiriwa na protini iitwayo kalmodulini, ambayo Cheung huko Marekani na Kakiuchi huko Japani waliieleza mwaka 1970, kila mmoja kwa kazi yake. Protini hii ina ncha mbili, na kila ncha hushika ioni mbili za kalsiamu. Ikishashika hubadili umbo, ikaweza kuamsha kimeng'enya kikubwa ambacho kwa kawaida kina sehemu 12. Sehemu jirani zilizoamshwa hutiana alama ya fosfeti. Kwa hiyo hata kalsiamu ikiisha kuondolewa, hubaki macho kwa muda, na kiungo kati ya chembe zile mbili huimarika. Mwaka 1992 ilionyeshwa kwamba panya waliokosa aina moja ya kimeng'enya hicho walipata taabu kujifunza mahali palipofichwa jukwaa ndani ya maji.

Zana yatosha kuwa punje za mahindi. Wanafunzi 12 wasimame duara, wamefumba macho. Wengine watatu, ambao ndio kalmodulini, wapewe punje mbili kila mkono, kisha kila mmoja amguse mwenzake mmoja wa duarani: wawili walio jirani, na mmoja aliye mbali nao. Walioguswa wafumbue macho, na wale jirani washikane mikono. Sasa ondoeni punje. Aliye peke yake hufumba tena; walioshikana hubaki macho. (Jina la kalmodulini si lazima watoto walikariri.)

Bila shaka mtaulizwa kama kunywa maziwa mengi huongeza kumbukumbu. Jibuni kwamba maziwa hufaa mifupa, lakini mwili hudhibiti kiasi cha kalsiamu katika damu, na milango ile hufunguliwa na kazi ya chembe zenyewe.