Kipima Oksijeni Kinapopandishwa Mlimani
Barabara itokayo Mlali kwenda Mgeta huikwea milima ya Uluguru, na kadiri ipandavyo, mgandamizo wa hewa hupungua. Oksijeni hubaki asilimia 20.9 ileile; lakini kipima oksijeni chenye kihisi cha kemikali hutambua mgandamizo wake, si asilimia. Kilichorekebishwa Mlali kitasoma pungufu huko juu, na mashine nzima ya oksijeni itadhaniwa mbovu. Kikiteremshwa bila kurekebishwa tena, jambo ni baya zaidi: mashine isiyofikia asilimia 82, kiwango cha chini cha Shirika la Afya Duniani, yaweza kuonekana inafaa huku mgonjwa akipungukiwa. Hivyo fundi akifika kituoni, akiweke kwanza kipima hicho kwenye hewa ya wazi, mbali na mipira ya oksijeni, asubiri tarakimu zitulie, ndipo akirekebishe kisome 20.9.