Miguu, Madumu na Benchi la Kanisa: Kijitabu cha Afya kwa Kaya za Kikristo za Muyama

Shinikizo la damu na kisukari si magonjwa ya watu wa mjini peke yao. Yamo pia katika vilima vyetu vya Buha, na mara nyingi mgonjwa hayajui mpaka siku anayoanguka shambani au kupooza upande mmoja. Kinga mojawapo haiuzwi dukani: ni kuutumikisha mwili kila wiki kwa kiasi cha kutosha. Kijitabu hiki ni cha kaya za Muyama na vijiji jirani vya Wilaya ya Buhigwe, iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012, pamoja na ndugu zetu wa Kasulu na Kibondo ambao maisha yao hayatofautiani sana na yetu. Tumewaandikia Wakristo kwa sababu kanisani ndipo wengi wetu tunapokutana kila wiki na kuaminiana, na jambo likianzia hapo huwa lina watu wa kulishikilia. Jirani Mwislamu akitaka kuungana nanyi kwenye matembezi, mkaribisheni kwa furaha.

Kiasi gani kinatosha?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au mazoezi makali kwa dakika 75 hadi 150. Juu ya hayo aongeze mazoezi ya kukaza misuli angalau siku 2. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku 5. Si lazima nusu saa hiyo iishe kwa mkupuo mmoja. Dakika 10 asubuhi, 10 mchana na 10 jioni zinahesabika zote.

Kupima mwendo wa wastani hakuhitaji saa ya mkononi. Tembea huku ukiongea na mwenzako. Ukiweza kuongea lakini ukashindwa kuimba ubeti mzima bila kukata pumzi, umefikia mwendo unaotakiwa. Ukiweza kuimba vizuri kama vile umesimama na kwaya, ongeza mwendo. Ukishindwa hata kumaliza sentensi moja, punguza. Hapa kwetu, ambako njia ikiacha kupanda inashuka, wengi watafikia kiwango hicho kwa kupanda mlima mmoja tu kuelekea kanisani.

Mama apumzike, baba achote maji

Jambo hili tunalisema waziwazi kwa sababu vitabu vingi vya afya vinalipita. Mama aliyeamka alfajiri, akateremka bondeni kuchota maji, akalima mpaka saa sita, kisha akarudi na kuni kichwani na mtoto mgongoni, asiambiwe akakimbie jioni. Dakika zake za wiki amezimaliza kabla ya Jumatano. Anachohitaji ni kupumzika, kunyoosha mgongo, kula chakula cha kutosha na kupunguziwa mzigo.

Wanaohitaji mazoezi zaidi ni wale ambao kazi yao imewakalisha: mwalimu, muuza duka, fundi cherehani, mtumishi wa halmashauri, mwendesha bodaboda, na hata mchungaji au katekista ambaye zamani alizunguka mitaa yake kwa miguu na sasa ana pikipiki. Dereva wa bodaboda hutoka jasho kutwa nzima, lakini moyo wake haufanyi kazi ya ziada; ni jua tu. Wamo pia wazee wa kaya wanaotumia alasiri nzima kwenye kiti huku wake zao wakipishana nao na ndoo.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza wa kijitabu hiki, ambao ndio tunaoutilia mkazo kuliko mingine yote, ni huu: baba, zoezi lako la bei nafuu kabisa ni maji ya nyumbani kwako. Lita moja ya maji ni kilo moja. Madumu mawili ya lita 10, moja kila mkono, ni kilo 20 zilizogawanyika sawasawa, nazo hukaza viganja, mikono, mabega, tumbo na mapaja kwa pamoja. Unapoyainua, usipinde mgongo. Simama katikati ya madumu, kunja magoti, shika vizuri, kisha nyanyuka kwa nguvu za miguu huku kifua kikitazama mbele. Tembea hatua fupi, mabega yakiwa nyuma. Kwenye mteremko wenye utelezi weka chini, pumua, endelea. Kwa wanaoanza, madumu ya lita 5 yanatosha. Ongezeni baada ya wiki chache. Paulo aliwaandikia Wagalatia, sura ya 6, juu ya kuchukuliana mizigo. Ndani ya ndoa mzigo wa kwanza unaoonekana kwa macho ni huo wa maji na kuni, na mwanamume anayeubeba anamtunza mke wake na moyo wake mwenyewe kwa safari ileile.

Imani inasema nini juu ya mwili?

Wapo waumini wanaotaja Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, sura ya 4, wakisema Paulo alidharau mazoezi. Someni mstari huo taratibu. Paulo analinganisha mazoezi ya mwili na utauwa, na utauwa anaupa nafasi ya juu kwa sababu faida yake inafika hata maisha yajayo. Hajasema mwili uachwe uharibike. Ni Paulo huyohuyo aliyewaandikia Wakorintho kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, na katika waraka huohuo, sura ya 9, akajifananisha na mkimbiaji na mpiga ngumi anayejitawala katika kila jambo. Tena alikuwa mtembezi mkubwa. Sehemu nyingi za safari zake alizimaliza kwa miguu.

Tazameni pia wale wafuasi wawili wa Emau katika Luka 24. Kijiji chao kilikuwa mbali na Yerusalemu kwa takribani kilomita 11. Walifika jioni wamechoka na wamekata tamaa, wakamtambua Bwana mezani, wakaondoka saa ileile kurudi Yerusalemu. Ni kama kilomita 22 kwa siku moja, na nusu yake gizani. Furaha iliwapa miguu. Ndivyo ilivyo hata kwetu: mtu anayetembea peke yake kwa kuogopa ugonjwa huacha baada ya wiki mbili, lakini anayetembea kwenda kumwona mgonjwa, au kusali na jumuiya yake upande wa pili wa kilima, ana sababu ya kuondoka nyumbani hata siku asiyojisikia.

Neno la hekalu lisitumiwe kumwaibisha mtu. Mnene, mlemavu, mgonjwa, mzee aliyepinda mgongo, wote miili yao ni hekalu vilevile. Asiyeweza kutembea anaweza kuinua mikono na kunyoosha miguu akiwa amekaa, na hilo ni zoezi halali. Na anayelemewa na mawazo akumbuke Eliya katika 1 Wafalme 19: alipoomba afe, Mungu hakuanza kwa kumkemea. Alimwacha alale, akampa chakula na maji mara mbili, ndipo akamwonyesha safari. Usingizi ni sehemu ya afya. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7. Baada ya mkesha, siku inayofuata usikimbie. Lala kwanza.

Mchakamchaka wa watu wazima

Wengi wetu tuliosoma shule ya msingi Tanzania tunaukumbuka mchakamchaka: asubuhi na mapema, mistari miwili, mmoja anaanzisha wimbo na wengine wanaitikia. Hakuna sababu ya kuuachia watoto. Desemba 2016, Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya taifa dhidi ya magonjwa yasiyoambukiza, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili ya mazoezi. Jumuiya ndogondogo, umoja wa akina mama, vijana na kwaya wanaweza kuichukua siku hiyo na kuifanya yao. Wasabato wachague Jumapili.

Anzeni kwa kutembea dakika 5 polepole. Halafu kazeni mwendo kwa dakika 20, na wenye nguvu wakimbie kidogo kidogo kati ya mti na mti. Malizeni kwa dakika 5 za polepole na kunyoosha viungo. Mwendo wa kundi uwe wa yule wa nyuma, si wa kijana aliye mbele. Tumieni njia za vijijini. Mkilazimika kupita kwenye lami, tembeeni upande wa kulia mkiyatazama magari yanayokuja, kwa mstari mmoja, na nguo za rangi ya kung'aa kama bado kuna giza. Barabara nzuri imeleta mwendo kasi. Raba si lazima kwa kutembea, lakini kandambili huteleza na kukatika kwenye mteremko. Viatu vilivyofungwa nyuma, hata vya mpira, vinafaa. Mwenye kisukari asitembee peku, na kila jioni akague nyayo na katikati ya vidole, maana kidonda kidogo asichokisikia kinaweza kumkosesha mguu.

Masika yakishika na njia zikawa tope, ingieni kanisani. Pambio la nusu saa mkiruka, mkipiga makofi na kuzunguka ni mazoezi kamili. Hata kwaya inayojifunza miondoko inahesabu dakika zake.

Mazoezi ya misuli mnaweza kuyafanya kwenye benchi lilelile la ibada, au kigoda imara nyumbani. Kaa, kunja mikono kifuani, simama bila kujisukuma kwa mikono, kaa tena polepole. Fanya mara 10, pumzika, rudia hadi mizunguko 3. Halafu simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja ukutani, kunja viwiko mpaka pua ikaribie ukuta, jisukume urudi. Hiyo ni pushapu ya mtu anayeanza, na inawafaa hata bibi na babu. Mzee ashike mgongo wa benchi, ainue visigino, avishushe, kisha ajaribu kusimama kwa mguu mmoja kwa sekunde 10. Zoezi hilo la kusimama imara, likifanywa siku 3 kwa wiki, humkinga na kuanguka, na nyonga ikivunjika uzeeni ni vigumu mtu kurudi alivyokuwa.

Watoto wanahitaji dakika 60 za kucheza kila siku: mpira wa makaratasi, rede, kuruka kamba. Mabinti nao. Binti anayepewa kazi za jikoni tangu anatoka shule mpaka giza linaingia hana saa yake, na wazazi wanaweza kumpatia kwa kugawa kazi hizo kwa watoto wote.

Mjamzito ambaye hana tatizo anaruhusiwa kutembea na kufanya kazi nyepesi. Akiona damu, maji yakitoka, kizunguzungu au tumbo kukaza mfululizo, aache mara moja na aende kituo cha afya.

Chungu cha nyumbani

Chakula chetu kina mengi mazuri: maharage, sombe, ndizi, viazi, dagaa na migebuka ya Tanganyika. Tatizo liko kwenye vijiko. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu mmoja kwa siku nzima, ukijumlisha na iliyomo kwenye samaki waliokaushwa, ambao yafaa kuwaloweka na kumwaga maji ya kwanza. Mawese yana vitamini A, tuyapende, lakini ni mafuta kama mafuta mengine. Pimeni kwa kijiko badala ya kumimina. Chai ya tangawizi inanyweka vizuri bila sukari baada ya ulimi kuzoea, na huzoea ndani ya wiki chache.

Kufunga, maombi na dawa

Mwenye kisukari anayetumia vidonge au insulini, mjamzito, anayenyonyesha na mwenye vidonda vya tumbo wasifunge kabla ya kuongea na mhudumu wa afya. Sukari ikishuka ghafla mtu hutetemeka, hutoka jasho jembamba, huchanganyikiwa, na anaweza kuzimia. Huyo apewe kitu chenye sukari mara moja kama anaweza kumeza, hata kama yumo kwenye mfungo. Akiwa hajitambui, msimwekee chochote mdomoni, mpelekeni hospitali. Afungaye asikimbie siku hiyo. Matembezi mepesi yanatosha.

Aliyeombewa na kuamini amepona anayo njia ya kuthibitisha: aende akapime, na mhudumu ndiye amwambie kama dawa zipunguzwe. Dawa za shinikizo zikiachwa kwa siku moja shinikizo linaweza kupanda bila dalili yoyote. Mazoezi nayo hayachukui nafasi ya dawa, yanaisaidia.

Siku ya kupima baada ya ibada

Ombeni zahanati, au Hospitali ya Heri ya Waadventista Wasabato, au kwa walio upande wa Kasulu Hospitali ya Kabanga ya Wakatoliki, wamlete muuguzi na mashine yake ya kupima shinikizo la damu baada ya ibada. Gharama ni usafiri wake na chakula cha mchana, na jumuiya inaweza kuchangia. Anayepimwa akae dakika 5 bila kuongea, mgongo ukiegemea, miguu chini bila kupishana, na mkono ukiwa juu ya meza usawa wa moyo. Asiwe amekunywa kahawa wala kufanya mazoezi ndani ya nusu saa iliyopita. Namba zake ziandikwe kwenye daftari lake mwenyewe, zisisomwe mbele ya watu.

Shinikizo likisomeka 140 kwa 90 au zaidi, apimwe tena siku nyingine. Likirudia hivyo, aanze kliniki. Anayehisi maumivu ya kifua yanayopanda taya au kushuka mkono wa kushoto, anayekosa pumzi akiwa amekaa, au ambaye uso umepinda ghafla na mkono umelegea, asipelekwe nyumbani kupumzika. Huyo, na pia mwenye 180 kwa 120 huku kichwa kinamgonga au macho yanaona ukungu, watafutiwe usafiri wa kwenda hospitali dakika hiyohiyo, hata kama mchungaji hajatoa baraka za kufunga ibada.