Mtoto Anapopanda na Kushuka: Malezi Wakati wa Ugonjwa wa Baipola

Mwezi huu tunazungumzia ugonjwa wa akili uitwao baipola. Mgonjwa hupitia vipindi viwili vinavyopingana: cha kuchangamka kupita kiasi na cha huzuni nzito. Kati ya vipindi hivyo huweza kuwa na hali yake ya kawaida. Mara nyingi huanza katika ujana. Si laana, wala si matokeo ya malezi mabaya.

Tuchukue mfano wa kijana wa kidato cha tatu. Kwa siku kadhaa analala saa mbili au tatu tu, wala hachoki. Anaongea mbiombio, anagawa vitu vyake, anagombana na kila amwambiaye atulie. Majirani husema amevuta bangi. Tusikisie. Malaria kali pia huweza kumfanya mtu aweweseke, hivyo afikishwe hospitali apimwe.

Anapopanda:

1. Tusibishane naye. Mmoja azungumze naye kwa upole na kwa maneno machache.

2. Usiku nyumba iwe kimya, redio izimwe, kahawa na chai kali ziachwe. Kukosa usingizi huuchochea ugonjwa.

3. Fedha na funguo za pikipiki atunze mzazi.

4. Tusimpige wala kumfunga kamba. Akihatarisha maisha, tuwaite ndugu anaowaheshimu, wasaidie kumpeleka hospitali.

Anaposhuka:

Haamki, haogi, hataki kula. Huo si uvivu. Hatari kubwa hapa ni kujiua. Wazazi wengi huogopa kumwuliza kama anawaza kufa, wakidhani watampa wazo hilo. Sivyo, kumwuliza waziwazi humpa nafasi ya kusema. Akikubali, asiachwe peke yake hata kidogo, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Sumu ya panya, dawa za mazao na vidonge vyote vifungiwe.

Kuhusu dawa:

Lithiamu, ambayo Dakta John Cade wa Australia aliandika juu ya manufaa yake mwaka 1949, ingali inatumika. Mgonjwa hupimwa damu mara kwa mara na hunywa maji ya kutosha. Akiharisha, akitapika, akitetemeka sana au kuyumba, aonwe na daktari upesi, maana dawa yaweza kuzidi mwilini. Asimeze diklofenaki wala ibuprofeni bila ushauri wa daktari. Wapo wanaoacha dawa kwa sababu wamepata nafuu, au kwa sababu wameombewa. Nafuu hiyo mara nyingi ni kazi ya dawa yenyewe; wakiiacha ghafla, ugonjwa hurudi. Sala na dawa havigombani.

Tuwe na daftari dogo la kuandika kila siku: saa alizolala, dawa alizomeza, hali yake. Daktari atafaidika nalo, nasi tutaona mapema usingizi unapoanza kupungua. Wazazi na ndugu wapokezane kukesha, maana mlezi aliyechoka hukasirika upesi.

Kipindi kikipita, kijana hukumbuka kwa aibu aliyoyatenda. Tusimsimange. Huo ndio wakati wa kukaa naye na kupatana: dalili zikirudi, nani aitwe, nani atunze dawa, aende hospitali gani. Mapatano aliyoyafanya mwenyewe akiwa na utulivu atayapokea kwa urahisi zaidi kuliko amri yetu.