Dondoo Muhimu: Kadi ya Tivii Inapogoma Kwenye Linux

Mwanza ilizima matangazo ya analogia mwanzoni mwa 2013. Mkazi wa Kisesa, kando ya barabara ya Mwanza–Musoma, akinunua kadi ya zamani ya analogia hatapata kituo, hata draiva ikiwa nzima.

Kiwango kwanza. Nchi za SADC, Tanzania ikiwemo, zilichagua kiwango cha dijitali cha DVB-T2 mwaka 2010. Vijiti vingi vya USB vya bei nafuu vyenye chipu ya RTL2832U peke yake husoma DVB-T tu, si DVB-T2.

Je, kompyuta inakiona kifaa? Amri ya `lsusb` hukagua kijiti cha USB. Amri ya `lspci -nn` hukagua kadi ya ndani. Namba inayotokea iaminiwe kuliko jina la kwenye boksi, kwani watengenezaji hubadilisha chipu bila kubadilisha jina.

Ujumbe wa keneli. `sudo dmesg | grep -i -e dvb -e firmware` huonyesha kama faili ya famiwea imekosekana. Iwekwe ndani ya `/lib/firmware`, kisha kijiti kichomolewe na kuchomekwa upya.

Ruhusa. Folda ya `/dev/dvb` ikiwepo lakini programu ikakataa kufungua kifaa, mtumiaji aongezwe kwenye kundi la `video`, atoke na kuingia tena.

Antena. Yote yakiwa sawa lakini amri ya kutafuta chaneli, `dvbv5-scan`, iliyopewa masafa sahihi, isipate kitu, antena ya nje ielekezwe kwenye mnara. Chaneli za kulipia zilizofungwa hazifunguliwi na draiva yoyote.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aende na kompyuta yake dukani na kujaribu `lsusb` papo hapo.