Alama za Nyaya za Kukodi

Ng'ombe wana sheria ya kuwatambua na kuwasajili tangu 2010, lakini nyaya za vipaza sauti vinavyokodiwa arusini mara nyingi hazina hata jina. Baba mdogo hukodisha vyombo hivyo Mugumu, wilayani Serengeti, nami humsaidia wakati wa likizo.

Kila waya hutiwa alama ncha zote mbili. Alama ya upande mmoja ni kama hakuna, kwani usiku, nyaya zikiwa zimelala majanini, huijui ila ncha iliyo mkononi mwako. Huandika namba na urefu, mathalan "7, mita 20", kisha huzungusha juu yake utepe mwangavu, maana umande hufuta wino. Namba hiyo huingia daftarini pamoja na jina la aliyekodi.

Rangi ya utepe huonyesha mwenye mali. Kijani na njano kwa pamoja hatuzitumii: ndani ya waya wa umeme hizo ni rangi za ardhi.

Waya uliochubuka hufungwa fundo palepale uwanjani. Asubuhi hakuna akumbukaye ulikuwa upi, nao, wenye umeme wa volti 230, ukilowa waweza kuua.