Njeo ya Wakati Ujao: Kiambishi -ta- cha Kiswahili na Kireno cha Ng'ambo ya Ruvuma

1.0 Utangulizi

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwafikisha Masasi watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar. Mwaka huohuo alichapisha mkusanyo wa maneno ya Kimakonde. Kwa vizazi kadhaa vya wasemaji wa Kimakonde, Kimakua na Kiyao wa Masasi na Newala, Kiswahili kilikuwa lugha ya pili. Ng'ambo ya Ruvuma, lugha ya shule ilikuwa Kireno. Makala hii inalinganisha njeo ya wakati ujao katika lugha hizo mbili, na inadai kwamba umbo -taka- la urejeshi si kighairi, bali ni umbo kongwe.

2.0 Mnyambuliko wa Kawaida

(1) nitasoma, utasoma, atasoma, tutasoma, mtasoma, watasoma
(2) falarei, falarás, falará, falaremos, falareis, falarão ('nitasema', n.k.)

Katika (1) nafsi na njeo hutangulia mzizi. Katika (2) hufuata kitenzi-jina falar. Viishio vya (2) hutumika kwa vitenzi vya -ar, -er na -ir bila kubadilika, kama ilivyo katika Kihispania: hablaré, comeré, viviré.

3.0 Chimbuko

Viishio hivyo vilitokana na kitenzi cha Kilatini habere, 'kuwa na', kilichofuata kitenzi-jina. Kiambishi -ta- nacho kilitokana na kitenzi -taka. Daraja la mabadiliko hayo lingalipo:

(3) Mvua inataka kunyesha.
(4) Mvua itanyesha.

Mvua haina matakwa. Katika (3) -taka imekwisha kudokeza tukio lililo karibu.

4.0 Mahali pa Mshono

Kireno sanifu huruhusu kiwakilishi kuingia kati ya kitenzi na kiishio: dar-te-ei, 'nitakupa'. Hapo mshono wa kale huonekana. Katika Kiswahili mshono huo umo katika urejeshi:

(5) atakayesoma
(6) atakayetaka kusoma

Huenda ikadaiwa kwamba -ka- ya (5) ni kiambishi kilichoongezwa. Dai hilo ni dhaifu: -ka- hiyo haina maana yake yenyewe, wala haitokei katika aliyesoma na anayesoma. Mfano (6) unathibitisha kuwa -taka- ya njeo imepoteza maana ya kutamani, ndiyo maana kitenzi -taka huweza kuifuata. Kubakia kwa ku- katika nitakula kunaafiki chimbuko hili, lakini hakutoshi kulithibitisha, kwa kuwa ku- hubakia pia katika nilikula na ninakula.

5.0 Hitimisho

Mwanafunzi anayeandika *atayesoma hakukosa kwa kubahatisha. Ameipeleka kanuni ya atasoma mahali ambapo lugha imehifadhi umbo la zamani. Katika Kiswahili sanifu bado anastahili kusahihishwa. Hata hivyo, mwalimu atakayemweleza uhusiano wa -ta- na -taka- atampa mofimu moja yenye historia, badala ya mbili za kukariri.