SOMO LA KIKUNDI: JE, RANGI YA GARI HULETA AJALI?

Ndugu wanakikundi, kikundi kikichanga pesa za pikapu ya kubebea maziwa, mabishano ya rangi hayakosi. Mmoja atasema gari jekundu humtia dereva wazimu wa mbio. Mwingine atasema jeupe ni la watu wapole. Tuangalie ukweli uko wapi.

Huko Singapore, kampuni moja ilikuwa na teksi zaidi ya 16,000, nyingine za manjano na nyingine za buluu. Wataalamu walichunguza ajali zake za miezi 36, wakatoa matokeo mwaka 2017. Kwa kila teksi 1,000, za buluu zilipata ajali karibu 72 kwa mwezi, za manjano karibu 66.

Je, madereva wa teksi za manjano walikuwa wapole zaidi? La! Mwendo wao ulipopimwa, walipatikana wanaendesha sawasawa na wenzao. Tofauti ni kwamba wengine barabarani waliiona teksi ya manjano mapema, wakawahi kufunga breki.

Hapa tunajifunza mambo mawili:

1. Rangi haibadilishi tabia ya dereva. Mwenye kukimbiza gari jekundu atalikimbiza hata jeupe.

2. Rangi husaidia gari kuonekana. Na anayeonekana mapema huepukwa mapema.

Kwa hivyo, kabla ya kuuliza rangi, tuulize: Breki zinashika? Taa zote zinawaka? Magurudumu hayajaisha? Na dereva tutakayemwajiri, je, ni mlevi?

Jambo la kuonekana linatuhusu hata sisi tusio na gari. Mkokoteni wa punda usio na reflekta jioni ni hatari kubwa. Mtoto aliyevaa sweta nyeusi saa moja usiku, dereva humwona akiwa ameshamkaribia sana. Tumvalishe nguo nyeupe au kitambaa chenye reflekta, na tumfundishe kutembea akielekeana na magari yanayokuja. Mwenye boda boda asiache jaketi lake la reflekta nyumbani.

Watu husema ajali haina kinga. Sisi tunasema nyingine zinayo, tena ya bei ndogo.

Maswali ya kuzungumzia:

1. Ni wapi kijijini kwetu watu hawaonekani vizuri jioni?

2. Ni baiskeli na mikokoteni mingapi ya wanakikundi haina reflekta?

3. Tutafanya nini kabla ya mkutano ujao, na nani atasimamia?